Sauti Baada ya Maji

Mfaume wa Mtoni Mtongani alizaliwa na mkono wa kufungua vitu. Angali mdogo aliifungua redio ya mama yake wakati mwenyewe yuko sokoni, na alipoifunga ikawa inaongea vizuri kuliko zamani, ila skrubu kadhaa zilibaki sakafuni na hakujua zilikotoka. Alichapwa sawasawa. Kisha majirani wakaanza kuleta redio zao.

Rafiki yake wa damu alikuwa Mudathir, mtoto wa Bi Hamisa wa nyumba ya kuvuka njia. Mudathir ndiye aliyempachika jina la Sumaku, kwa sababu mifuko ya kaptula yake haikukosa sumaku za spika mbovu. Jina hilo hakulitumia mtu mwingine yeyote, na angelitumia Mfaume asingeitika. Waliogelea pamoja, walikimbia madrasa pamoja, na walipokua mmoja akaenda Maskati kutafuta maisha na mwingine akabaki Mtongani na bisibisi yake.

Huyu aliyebaki alijenga kibanda cha mbao mbele ya kwao, kando ya Barabara ya Kilwa, akakipaka rangi ya bluu, akaweka deki mbili zilizounganishwa kwa waya, moja ya kupiga na moja ya kurekodi. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara imefunguliwa na kila mtu ana binamu anayeleta mzigo kutoka Dubai. Redio ya kusikiliza ilikuwa moja, na ikipiga wimbo unaoupenda leo, hujui itaupiga tena lini. Ukiutaka wimbo wako ukae nao nyumbani, unakwenda kwa Mfaume.

Mfaume alikuwa na masharti mawili ya kazi, na aliyatangaza kwa kila mteja kana kwamba ameyapokea kwa njia ya wahyi. La kwanza, kaseti ya zamani haifutwi mpaka aisikilize kwanza, maana watu huleta kaseti wasizozijua. La pili, kaseti ya barua fundi haisikilizi. Siku hizo wenye ndugu Uarabuni au melini hawakuandikiana sana. Mtu alikaa na redio yake huko aliko, akazungumza na kaseti tangu salamu mpaka kwaheri, kisha akampa anayerudi nyumbani aibebe. Mama asiyejua kusoma aliweza kumsikia mwanawe akikohoa. Kaseti hizo zikikwama au zikitafunwa na mashine, zililetwa kwa Mfaume, naye aliunga utepe, akaupiga kwa kujaribu huku sauti ameishusha mpaka chini kabisa, akitazama tu kishale cha deki kinavyorukaruka. Kishale kikicheza, kazi imekwisha.

"Maneno ya mtu na mama yake si chakula changu," alikuwa akisema.

Watu walimsifu kwa hilo. Na tuseme kweli, yeye mwenyewe alipenda kusifiwa.

Kaseti iliyoleta balaa iliingia kibandani ndani ya katoni, pamoja na takataka nyingine. Aliyeileta ni Augustine, mpishi wa Mzungu mmoja wa Oysterbay ambaye mkataba wake ulikwisha akarudi kwao na kuacha vitu. Jalada lake lilikuwa na picha ya ziwa la kijivu, na maandishi ya lugha ambayo si Kiingereza, wala hakuna Mtongani aliyejua ni nini. Mfaume aliitia kwenye deki akasubiri wimbo uanze. Alisubiri ngoma, hola. Alisubiri mtu aimbe, hola. Kilikuwa kinanda cha umeme kinachovuta sauti ndefu, inakuja polepole, inakaa, inaondoka bila kuaga, na nyingine inachukua nafasi yake. Mfaume alidhani mkanda wa deki umelegea. Akaifungua, akaukagua, akaukuta mzima. Akaipiga tena kuanzia mwanzo.

Nje ya kibanda alikuwepo Jabiri, fundi baiskeli, mtu mwenye mdomo na makelele ambaye tangu asubuhi anagonga ringi. Mfaume alishangaa kusikia kimya. Alipochungulia alimkuta Jabiri ameketi chini, nyundo mapajani, anatazama barabara.

"Una nini wewe?" Mfaume akamuuliza.

"Sijui bwana. Nimemkumbuka babu yangu wa Rufiji alivyokuwaga ananibeba mabegani tukivuka maji. Mie sijamkumbuka huyo mzee miaka mingapi. Rudisha nyuma hapo."

Basi ikawa hivyo. Jina lake hakuna aliyeweza kulisoma, wakaiita Kaseti ya Maji kwa lile ziwa la jaladani, na kila aliyeisikia alikuja na lake. Albano mchonga vinyago alisema inamfanya mpingo uwe laini, jambo ambalo si kweli lakini alinunua. Mke wa kinyozi alisema inamliza na hajui analilia nini, na akaitaka hivyohivyo. Mwalimu Fakihi wa madrasa alikuja kukataza. Alisimama mlangoni mikono nyuma, akaisikiliza upande mzima, kisha akasema, "Haina ngoma, haina tarumbeta, haina mwanamke. Sasa mimi nikukataze nini?" Akaondoka amekasirika kidogo, na Alhamisi iliyofuata akamtuma mtu amnunulie.

Bi Hamisa naye aliisikia. Alikuwa mshonaji wa kofia, mwanamke wa pwani wa mji wa zamani, taratibu kwa maneno, mwenye tabia ya kusimama mahali akisikiliza kama mtu anayehesabu mishono. Siku hiyo alisimama mbele ya kibanda na kofia yake mkononi, sindano imechomekwa.

"Mwanangu Mfaume, hii nyimbo ya nani?"

"Ya Wazungu, Mama. Haina maneno."

"Naona. Nasikia kama kuna mtu anataka kusema, halafu hasemi." Akatikisa kichwa akaenda zake.

Mudathir alikuwa amekwisha kufa wakati huo. Gari ilimpindukia njiani nje ya Maskati, hata mwaka alikuwa hajamaliza huko. Walimzika kulekule, siku ileile. Mtongani walikaa matanga ya mtu ambaye hawakumwosha wala hawakumshika. Bi Hamisa hakuwa na kaburi la kuzuru. Alikuwa na kaseti moja, barua pekee ambayo mwanawe aliwahi kumtumia, upande mmoja umejaa maneno na wa pili mtupu. Kwa kuwa hakujua kusoma, aliitia alama ya doa la wanja ili isichanganyike na za kisomo. Mfaume aliwahi kusikia mwanzo wake tu, siku ilipofika, pale sebuleni kwa Bi Hamisa na wanawake wamejaa: salamu kwa shangazi huyu, salamu kwa yule. Akatoka. Sharti ni sharti.

Sasa siku moja redio ya Bi Hamisa iliitafuna. Aliileta imefungwa kwenye leso, utepe unaning'inia, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mtoto mgonjwa," alisema.

"Atapona, Mama. Niachie."

Na alipona kweli. Mfaume aliunga utepe pale ulipokatika kwa usafi kiasi kwamba hata fundi mwingine asingeuona mshono. Ganda la kaseti lilikuwa na ufa, akahamisha utepe kwenye ganda jipya safi. Akaupiga, sauti chini kabisa, kishale kikacheza. Kilichobaki ni kuvunja yale meno mawili madogo ya mgongoni, ambayo yakishavunjwa kaseti haikubali tena kurekodiwa, na kuitia alama ya wanja. Hapo akaitwa nje kuamua ugomvi wa mteja na Jabiri juu ya breki. Ile kaseti akaiweka juu ya kaunta, meno yake mazima, haina doa, haina chochote. Magomvi yalikwisha magharibi, akafunga kibanda akaenda kula.

Kesho yake mgao wa umeme ulitazamiwa kuwahi kufika kwao. Ulikuwa mwaka wa mgao, mabwawa yamekauka, kila mtaa una zamu yake ya kiza. Watu walikuwa wanamdai Kaseti ya Maji, wengine wamekwisha kumtumia watoto kumkumbusha, na kaseti tupu zilikuwa zimeadimika. Mfaume alikuwa anachukua chochote chenye ganda zima. Alichukua ile iliyo karibu na mkono. Hakuisikiliza kwanza. Umeme utakatika, alijiambia, hii mpya hii, si unaiona? Akabonyeza.

Kwa kawaida wimbo ukiisha huwa anaiacha deki iendelee kurekodi kimya mpaka utepe ufike mwisho, ili mabaki ya zamani yafutike. Siku hiyo mgao ulifika wakati sauti ya mwisho ya upande wa kwanza inazama. Deki ikafa. Mfaume akaona wimbo umekwisha, basi, inatosha. Umeme uliporudi akageuza upande wa pili, akamaliza, na kaseti zote za siku hiyo zikaenda na wenyewe.

Bi Hamisa alikuja asubuhi iliyofuata, leso mkononi tayari ya kubebea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto amepona?"

Mfaume akanyoosha mkono rafuni bila wasiwasi. Alichokishika ni ganda lenye ufa na doa la wanja, jepesi kama ganda la karanga. Akalitazama. Akatazama kaunta. Ile mpya haikuwepo.

"Bado, Mama. Njoo kesho."

"Haya. Usimharakishe."

Alipoondoka, Mfaume alipiga kila kaseti iliyomo kibandani. Alikwenda kwa mke wa kinyozi, kwa Albano, kwa fulani na fulani, akijidai anataka kukagua ubora. Kila aliyoipiga ilianza na maji, na ingeanzaje na kingine? Alisikiliza mianzo, akarudisha, akashukuru, akaondoka. Hakujua hata anatafuta nini. Iliyorekodiwa imerekodiwa, alijiambia, sauti ya Mudathir imekwenda na haipo duniani. Alikaa nyuma ya kibanda chake akalia kwa kujizuia, kama anavyolia mtu mzima anayeogopa kusikiwa na fundi baiskeli.

Usiku mzima alijifunza ukweli ili aende akauseme. "Mama, nimekosea, nimerekodi juu yake." Maneno machache, hata mtoto wa darasa la kwanza angeyashika. Asubuhi Bi Hamisa alipotokea, yakatoka mengine kabisa.

"Utepe ulikuwa umeoza, Mama. Umekatikakatika mikononi mwangu. Nimejaribu, haukuungika."

Bi Hamisa akaikunjua leso, akaikunja tena.

"Basi nipe vipande."

Hilo Mfaume hakulitarajia. "Vipande gani, Mama?"

"Vya mwanangu. Kaburi sina. Nipe hivyo vipande nikavitunze."

Hapa ndipo ambapo mtu mwingine angeanguka miguuni kwake. Mfaume aliinama chini ya kaunta, akapapasa, akatoa fundo la utepe wa kaseti mbovu ya disko iliyokuwa inangoja kutupwa, akalitia kwenye bahasha ya kaki. Bi Hamisa akaipokea kwa mikono miwili. Akaibusu.

"Umehangaika, mwanangu. Mungu akulipe."

Sasa fikiria mtaa mzima unaopenda kitu kimoja, na kitu hicho ndicho ulichomzikia rafiki yako. Kaseti ya Maji ilitiririka Mtongani yote. Ilitoka dukani, ilitoka saluni, ilitoka madirishani wakati wa kupika. Watu walimsimamisha Mfaume njiani kumwambia imewatuliza, imewalaza, imewapatanisha na wake zao. Lakini kila ile sauti ndefu ilipovuta, yeye aliona Mudathir yuko chini yake, amefunikwa, anajaribu kupanda. Akaanza kwenda msikitini kwa kuzunguka uchochoro wa nyuma ili asipite mlangoni kwa Bi Hamisa. Naye Bi Hamisa, alipofanya kisomo cha marehemu, alimpelekea sahani ya wali iliyofunikwa kawa, na ujumbe kwamba hii ya Mfaume, kwa kuwa alimhangaikia mtoto. Mfaume alikaa na sahani ile mapajani. Kula hakuweza na kuitupa hakuthubutu, mwisho akampa Jabiri, ambaye hakuuliza chochote, akanawa akala.

Alitaka kusema. Hilo lijulikane. Kila Ijumaa alijiambia Ijumaa hii. Lakini uongo wa kwanza ungeweza kusamehewa kama kosa la kazi. Ile bahasha ndiyo iliyomfunga mdomo. Mtu anasemaje kwamba amempa mama utepe wa disko aubusu?

Miezi ikapita hivyo, mpaka alipokuja Sista Editha.

Sista Editha alikuwa muuguzi, mtu wa Ndanda, aliyekuwa amepanga chumba nyuma ya kituo cha basi. Alikuwa mmoja wa wale waliochukua Kaseti ya Maji siku ile ya mgao, kesho yake tu akahamishiwa zahanati ya Mbagala, ndiyo maana Mfaume hakumkuta alipokuwa anazungukia wateja. Alikuja na kaseti ndani ya mkoba, mchana, jua kali, akaomba kigoda.

"Kaka Mfaume, nimekuja kukuuliza kitu. Rafiki yangu kazini naye ana hii kaseti, ya kwako pia. Lakini ya kwake imepungua."

"Imepunguaje, sista?"

"Haina yule kijana."

Mfaume akaacha bisibisi.

"Kijana gani?"

"Anayezungumza mwishoni mwa upande wa kwanza. Maji yanakwisha, panakuwa kimya kidogo, kisha anaongea na mama yake. Mimi nikitoka kazini nimechoka, labda tumempoteza mtoto siku hiyo, naweka kaseti, najilaza nasubiri afike. Maji ni mazuri, sikatai, lakini mimi namngojea yeye. Anavyosema, 'Haya, mama,' we acha tu. Kila siku nalia. Rafiki yangu alipoisikiliza ya kwangu akasema anataka yenye kijana. Huyo ndiye mwimbaji?"

Mfaume akaisogeza pembeni redio aliyokuwa anaitengeneza.

"Halafu anataja sijui sumaku," Sista Editha akaendelea. "Nikafikiri anazungumzia mambo ya redio."

Mfaume aliichukua kaseti mkononi mwake kwa adabu ambayo hakuwa nayo siku aliyoiacha juu ya kaunta. Akaitia kwenye deki, akaipeleka mbele mpaka karibu na mwisho, akaachia. Sauti ya mwisho ya kinanda ilizama, ikakatika ghafla pale mgao ulipoikata. Kimya. Kisha: "...utepe unakaribia kwisha, mama..."

Akaizima haraka. Ilikuwa sauti ileile, na kale kamafua kake ka siku zote.

"Mbona unazima?" Sista Editha akashangaa. Kisha akamtazama uso. "Kaka Mfaume. Huyu ni nani?"

Akamweleza. Sista Editha ndiye mtu wa kwanza kuambiwa, na aliambiwa yote, mpaka bahasha. Alisikiliza bila kumsaidia hata kwa "pole". Mwisho akasimama, akajifunga kitenge chake vizuri.

"Mie nimemlilia mtoto wa mtu mwezi hadi mwezi nikidhani ni nyimbo," alisema. "Na mama yake yuko hapo ng'ambo ya barabara."

"Nitakurekodia nyingine, sista. Bure."

"Sitaki nyingine. Ipeleke. Ipeleke leo hii, wewe mwenyewe kwa miguu yako. Kesho nitapita kwa huyo mama kumwamkia, na nikimkuta hana, nitamwambia mimi."

Mfaume alivuka njia kabla ya alasiri. Hakupita uchochoroni. Bi Hamisa alikuwa ameketi mkekani sebuleni, kofia mapajani, na chumba kinanukia udi. Mfaume alimwamkia, akaitikiwa, akakaribishwa kiti, akakaa sakafuni. Yale maneno machache aliyoshindwa nayo tangu mwanzo yakatoka sasa, vibaya, yamechanganyika, ya mwisho yakitangulia ya kwanza: kwamba utepe haukuoza, kwamba uliungika vizuri, kwamba alirekodi maji juu yake kwa haraka yake, kwamba alisema uongo, kwamba kipande kimebaki, hiki hapa.

Bi Hamisa aliinuka akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya kaki. Ilikuwa imefungwa uzi wa hariri, na ndiyo iliyokuwa inanukia udi.

"Na hivi ni vya nani?"

"Vya disko, Mama."

"Disko."

"Ndiyo, Mama."

"Nafukiza kila Ijumaa," Bi Hamisa alisema. "Nalala navyo chini ya mto. Nimevisomea Yasini." Akaiweka bahasha sakafuni kati yao, taratibu, wala hakuitupa. Mfaume alitamani angeitupa, au angempiga nayo usoni. "Haya. Iweke hiyo kaseti."

Mfaume aliiweka redioni akabonyeza ili aipeleke mbele.

"Acha," Bi Hamisa akamzuia. "Anza mwanzo. Nataka nisikie ulichomfanyia."

Wakasikiliza upande mzima. Mtaa mzima ulipata utulivu ndani ya nyimbo zile, na Mfaume hajapata kukaa mahali pagumu kama pale. Bi Hamisa alitazama redio bila kupepesa. Pale ambapo zamani shangazi za Mudathir walisalimiwa palipita maji. Pale ambapo mwanawe alimweleza chumba anacholala na chakula anachokula, maji. Mara moja midomo yake ilitikisika, na Mfaume akaelewa kwamba mama huyu anaijua barua yote kwa moyo na anaisema juu ya kinanda, neno kwa neno, mahali pake. Mfaume akainamisha kichwa asimwone.

Kisha sauti ya mwisho ikazama, ikakatika.

"...utepe unakaribia kwisha, mama. Dawa yako ya presha unywe, usiniambie umekunywa kumbe hujanywa. Na kaseti hii ikikwama au ikikatika, mpelekee Sumaku. Usimpe fundi mwingine, hao wengine watakuharibia. Sumaku ana mkono, na ni mtu wangu. Haya, mama. Haya."

Mlio wa kitufe, kisha mvumo mtupu wa utepe mpaka ukaisha.

Mfaume alikuwa analia, na safari hii hakujali nani anasikia. Bi Hamisa alimwacha alie. Aliitoa kaseti redioni, akaishika kifuani.

"Ndiyo maana nilikuletea," alisema. "Kuna fundi hapo sokoni, bei yake ndogo, hata kungoja huna haja. Nilikuletea wewe kwa sababu nilikuwa nimeambiwa."

"Nisamehe, Mama."

"Sijui kama nimekusamehe. Nikijua nitakwambia. Nenda sasa, nataka kukaa na mwanangu."

Mfaume alirudi kibandani, na tangu siku hiyo hakurekodi tena Kaseti ya Maji. Wateja walinung'unika, Jabiri alimwita mwendawazimu wa kukimbia biashara. Lakini kuacha kurekodi hakukumwepusha nayo. Kila siku baada ya alasiri, kutoka ng'ambo ya njia, maji yalianza kutiririka kwa Bi Hamisa. Hakuwahi kuyaruka ili afike haraka kwa mwanawe. Wapita njia walipunguza mwendo kuyasikiliza, na Sista Editha, aliyekuwa sasa anakwenda kumwamkia mama yule kila mapumziko yake, alikaa naye mkekani wakingoja pamoja. Mfaume naye alingoja, bisibisi mkononi, na hakuna kazi iliyoendelea mpaka Mudathir amsifu na kunyamaza.

Siku moja baada ya masika, maji hayo yalikatikia katikati. Mfaume aliinua kichwa. Muda kidogo, Bi Hamisa akatokeza mlangoni na leso mkononi, akavuka njia, akasimama mbele ya kibanda cha bluu. Utepe ulikuwa unaning'inia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mtoto mgonjwa."

Mfaume alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mbao. "Mama, mimi sistahili. Nakuomba, mpe fundi mwingine."

Bi Hamisa akavuta kigoda cha wateja, akaketi pale ambapo angeona kaunta yote, akaweka leso mbele yake.

"Nimekatazwa," alisema.